Sababu ya Simu: Salamu

Wanangu, nyie mnaoanza kazi kesho na vile vidude vya kusikilizia masikioni, mkuu wenu kaniomba nije kukusemesheni. Mkuu wenu ni mtoto wa kaka yangu, nimembeba huyu, nimemfuta makamasi. Kaniambia, "Shangazi, njoo uwape moyo." Moyo sina wa kugawa, nnao mmoja tu na bado nautumia. Nitakupeni kosa langu. Kosa langu ni zuri kuliko nasaha za watu wengi.

Kosa lenyewe hili hapa. Mie Nasra, karani wa madai ya bima kwa miaka thalathini na kitu hapa Muscat, niliandika kwa vidole vyangu hivi kwamba mtu aliyelala barabarani, mguu wake umepondwa na lori, hakupata ajali yoyote. Jambo likafika Mahakama Kuu. Kampuni za nchi mbili zikashikana mashati, na majaji watatu wenye heshima zao wakakaa kunisikiliza mie nikiuliza watu kama watoto hawajambo.

Msicheke. Au chekeni, lakini sikilizeni.

Kazi hii nilifunzwa na Maalim Nassor, Mungu amrehemu. Alikuwa mwalimu Unguja, alipokuja huku wakamtia kwenye bima. Siku zile hapakuwa na simu za kupokea madai, mtu anakuja mwenyewe. Mezani kwa Maalim palikuwa na birika la kahawa, sahani ya tende, na finjani. Fomu hukuiona. Fomu alikuwa kaikalia. Nasema kaikalia khasa, iko chini ya makalio, ili mkono wake usiipapatikie.

"Nasra," akiniambia, "usiandike neno kabla ya finjani ya tatu. Ya kwanza mtu anakupa salamu. Ya pili anakupa mvua na samaki. Ya tatu ndiyo anakupa ajali."

Mie nikidhani mzee anapenda kahawa tu. Mpaka siku moja kaja mzee mwenziwe kutoka kijiji cha Yiti. Kakaa, kasalimia, kauliza wazee wetu mmoja mmoja mpaka waliokwisha kufa. Kheri, kheri, kheri. Kasifu tende. Finjani ya pili katueleza mbuzi wake kazaa mapacha, mmoja mweusi mmoja madoa. Nishachoka, nafungua kinywa nimuulize shida yake nini, Maalim kanikanyaga kidole chini ya meza. Mzee kapokea ya tatu, kanywa, kaitikisa finjani kuonyesha katosheka, kainuka, kavaa makubadhi, kafika mlangoni. Hapo ndipo kageuka.

"Ama ile nyumba mliyoniandikia," akasema, "imeungua yote juzi. Nimekuja na gari ya jirani, maana yangu ilikuwa ndani."

Akaaga, akatuombea dua, akenda zake. Maalim kanyanyuka kidogo, kaitoa fomu, ina joto, kaanza kuandika.

Ndivyo tulivyo, wanangu. Waarabu wa huku ukimuuliza mtu khabari, hata kama anatoka kuzika, atakujibu hakuna khabari ila kheri. Ndiyo adabu. Na sisi tuliotoka Unguja tumekuja na yetu, sijambo kwanza, maradhi baadaye. Msiba wetu tunauweka nyuma ya ila. "Nzuri, ila baba katutoka." "Hatujambo, ila paa limeanguka." Mwenye kuondoka kabla ya ila hakusikia kitu.

Haya niliyajua. Ndiyo maana kosa langu halina kisingizio.

Maalim alipostaafu akaja mudiri mpya, mkuu wa ofisi, kijana kasoma nje, kiatu kinang'aa unaweza kujitazama. Tukatiwa simu na kompyuta. Yeye akakaa na saa kupima mazungumzo yetu. Akakuta simu yangu moja ina dakika kumi na nane, na ajali yenyewe ndani yake ina dakika moja.

"Bi Nasra, hizi kumi na saba za nini?"

"Za adabu."

"Adabu haimo kwenye ratiba."

Akaleta mashine. Simu ikifika dakika mbili na nusu inawaka taa nyekundu, ikifika tatu inakata. Inakata! Mtu yuko katikati ya kusema, inakata, kama kafungiwa mlango usoni. Na kila mwezi karani mwenye simu fupi kuliko wote anapewa kikombe cha chai kimeandikwa kwa dhahabu *Mwepesi wa Mwezi*. Sasa nakuambieni jambo la aibu. Mie mtu mzima, bibi wa watu, nilikitaka kile kikombe. Nilikitaka mpaka nikakiota. Mume wangu Salim akanicheka. "Nasra," anasema, "hata mie siku hizi unanisalimia mbio mbio. Nngoje taa?"

Basi ilikuwa Alkhamisi, inakaribia adhuhuri, nimebakisha simu chache tu nikichukue. Simu ikalia.

"Assalamu alaykum."

"Waalaykumu ssalam. Bima, Nasra anazungumza."

Sauti ya mwanamme ikachangamka. "Aa! Bi Nasra, kumbe wewe wetu! Hujambo?"

"Sijambo, bwana. Nikusaidie nini?"

"Taratibu, bibi. U hali gani?"

"Njema. Na wewe?"

"Kheri, alhamdulillah. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Wako?"

"Hawajambo, wanakusalimu."

Nyuma yake nasikia honi, na mtu analia kwa Kihindi. Nikadhani kafungua televisheni.

"Na joto la huko Muscat?"

"Tumelizoea. Huko uliko?"

"Huku lami inaunguza mgongo, bibi. Lakini kheri."

Ingekuwa Maalim, angeuliza mgongo wa mtu umefuata nini kwenye lami. Mie nilikuwa natazama taa. Ikawaka nyekundu.

"Khabari nyengine, bwana?"

"Hakuna khabari, bibi, kheri tupu. Ila..."

Tk. Ikakata.

Kompyuta ikaniuliza: *Mpigaji ameripoti ajali?* Nikabonyeza *Hapana*. Ikaniuliza sababu ya simu. Nikatafuta kwenye orodha sikuona inayofaa, nikaingia penye *Mengineyo*, nikaandika neno moja: *Salamu*.

Na kikombe nikakipata.

Baada ya wiki tatu kaingia bwana mmoja ofisini kwa magongo mawili, kanzu yake upande mmoja inapepea, hamna kitu kuanzia juu ya goti.

"Bi Nasra? Mie Mbarak. Tulizungumza kwa simu. Hujambo?"

Sauti nikaijua palepale. Nikasema sijambo, macho yako kwenye ile kanzu.

"Khabari zako, Bwana Mbarak?"

"Kheri," akasema, akatabasamu. Wallahi alitabasamu!

Mbarak ni fundi wa viyoyozi vya magari, ana gereji yake ndogo mtaa wa Ghala, hapa Muscat. Siku ile alikuwa kavuka mpaka kwenda kununua vipuri nchi jirani. Kakuta mtu gari imemharibikia njiani, kashuka kumsaidia, lori likampitia mguu. Dereva wa lori ndiye niliyemsikia analia. Na Mbarak, chali juu ya lami, akingoja ambulensi, katoa simu kaipigia bima, maana ndivyo alivyoelekezwa: ukigongwa kule na gari ya kule, ripoti Muscat ndani ya siku tatu, Muscat wawaarifu bima ya kule, na bima ya kule ndiyo inayobeba matibabu.

"Mbona hukupiga tena?" nikamuuliza.

"Nipige tena kwa nini? Nilikwambia."

"Uliniambia nini, Bwana Mbarak?"

"Nilikwambia ila." Kanitazama kwa mshangao. "Simu ikakatika, nikajua umefahamu. Mwenye macho haambiwi tazama, bibi, na mtu mzima haambiwi nimeumia."

Lahaula! Nilitamani sakafu ipasuke.

Hospitali walikuwa washampimia mguu wa bandia, ule mzuri, unaokunjika na kustahamili mtu kupiga magoti. Kazi ya fundi yule ni kupiga magoti na kuingia chini ya dashibodi. Lakini mguu hauagizwi mpaka bima ikubali, na bima ya kule ikakataa. Walisema karipoti baada ya wiki tatu. Wakasema tena kuna rekodi, sauti yake mwenyewe, siku ya ajali yenyewe, anasema yeye ni kheri na watoto wanasalimu.

Ndipo ilipoanza sarakasi. Kesi ikifunguliwa huku, wakili wao anasema haihusiki huku, ajali imetokea kule. Ikipelekwa kule, wakili huyohuyo anasema haihusiki kule, simu imepigwa huku. Na wakili wetu, ili asionekane kalala, kila mara akisema kinyume chake. Faili likavuka mpaka, likarudi, likavuka tena. Nasikia askari wa forodha alilizoea akawa analisalimia.

Huku wao wanasukumana, Mbarak hana mguu. Siku moja nikaenda Ghala kumtazama. Nikamkuta kachukua ule ubao wenye magurudumu ambao mafundi hulalia kuingia chini ya gari, sasa yeye anaulalia siku nzima, anajisukuma kwa mikono kutoka gari mpaka gari. Kwa bahati mbaya sakafu ya gereji ina mteremko. Nnasimama mlangoni nampungia, namwona anakuja chali, spana mkononi, mbio.

"Sabalkheri, Bi Nasra! Watoto hawajambo?"

Akanipita, akatoka nje mpaka kwa muuza matairi wa ng'ambo ya barabara. Muuza matairi akamzuia kwa mguu, akamgeuza, akamsukuma arudi. Inaonyesha ndiyo kazi yake kila siku. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaingia garini nikalia, nikalia khasa, maana yule mtu yuko vile kwa sababu mie nilitaka kikombe. Wateja walishaanza kumkimbia. Dada yake wa Azaiba alishamtengea chumba, akae amenye vitunguu thomu.

Mwisho kesi ikapanda Mahakama Kuu. Mudiri akaniita, kafunga mlango.

"Bi Nasra, utaitwa shahidi. Sema kilichoandikwa tu, hakuripoti. Ukisema karipoti, lawama inarudi kwetu. Na wewe umebakisha miezi minane ustaafu kwa heshima."

Nilirudi nyumbani sina ladha ya kitu. Nikamwambia Salim. Salim si mtu wa maneno mengi, wala wa kulalamika, miaka yote ya ndoa sijamsikia akisema kichwa kinamuuma. Alikuwa anakata kucha. Akasema, bila ya kuinua kichwa, "Sema kheri, kisha useme ila."

Siku ya mahakama wakatupigia rekodi. Mkalimani wa mahakama, mtu makini, miwani puani, akasimama kutafsiri kwa Kiarabu kama anasoma hukumu ya kunyongwa. "Swali: Hujambo? Jibu: Sijambo. Swali: Watoto hawajambo? Jibu: Hawajambo." Natamani kujifunika buibui lote. Katika majaji watatu, wa katikati ni mzee wa bara ya huku, ndevu nyeupe, kafumba macho. Nikadhani kalala.

Akainuka wakili wa bima ya kule. Maskini, shavu la kushoto limemvimba kama kaficha andazi. Akasema huku kalishika, "Waheshimiwa, mtu huyu kaulizwa hali yake, kasema kheri. Kaulizwa khabari, kasema hakuna. Na zaidi ya hayo, tumefanya uchunguzi. Kasema watoto wake wanasalimu. Hana mtoto! Hajaoa! Basi ama ni mwongo, ama siku ile hakupatwa na kitu."

Jaji mzee akafumbua jicho moja. "Mbarak, watoto gani waliokuwa wakimsalimu huyu mama?"

Mbarak akajiinua kwa magongo. "Sheikh, ningemwambia sina watoto, angeniombea dua nijaaliwe. Dua ingekuwa ndefu, na mie damu inanitoka."

Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Akaniita mie.

"Wewe ndiye uliyeandika hapana?"

"Ndimi."

"Huyu mtu aliripoti au hakuripoti?"

Mudiri yuko mstari wa mbele, ananikodolea. Nimesimama kwa miguu yangu, nnayo yote miwili, na hiyo ndiyo iliyonipa haya.

"Kilichoandikwa ni kheri, sheikh," nikasema. "Ila..."

Nikanyamaza. Jaji akaweka kalamu chini. Majaji wawili wa pembeni wakainama mbele. Karani wa mahakama akaacha kuandika.

"Ila nini?" akauliza mzee.

"Umeona, sheikh? Wewe umengoja. Mie sikungoja. Huyu bwana kapiga simu siku ileile, kwenye namba ileile aliyopewa, kafika mpaka kwenye ila, mashine yetu ikamkata. Na lile hapana nimelitia mie, kwa tamaa ya kikombe."

"Kikombe gani?"

Nilikuwa nnacho mkobani. Nikakitoa. Kikapita mkononi kwa majaji wote watatu, wakakisoma, wakakigeuza chini wakatazama, wakasema kihifadhiwe ni ushahidi. Karani akakibandika karatasi, akaipiga muhuri. Sijarudishiwa mpaka leo, na chai yangu nakunywa kwenye gilasi.

Mzee akamgeukia wakili. "Na wewe, bwana wakili, u hali gani?"

Wakili katahayari, mkono shavuni. "Kheri, sheikh, alhamdulillah."

"Hakuna kinachokusumbua?"

"Hakuna, sheikh."

"Karani, andika. Wakili ni mzima, hana maradhi yoyote."

"La, sheikh!" wakili akaruka. "Jino linaniua tangu juzi!"

Hukumu ilisomwa baadaye, nami nilikuwepo. Walisema salamu ni salamu, si ushahidi wa uzima wa mtu. Walisema aliyepiga simu ya ajali ndani ya muda wake kabisha hodi, na mwenye nyumba asiyefungua hawezi kusema hakuja mtu. Bima ya kule ibebe matibabu na mguu. Sisi tubebe gharama za kesi, kwa uziwi wetu. Uziwi ni neno langu, wao walisema kwa adabu.

Mie nikapewa barua ya onyo, na siku ya kustaafu nikapewa halua. Mashine haikuondolewa, iliongezwa mpaka dakika tano. Ndiyo mageuzi hayo.

Mbarak akapata mguu wake. Unakunjika, unapiga magoti, anauita mgeni. Gereji inakwenda. Na tokea siku ile kila baada ya siku mbili tatu ananipigia, kunisalimia tu.

Sasa nimalize, mkuu wenu anatazama saa. Mwaka huu, asubuhi moja, Salim kaangusha finjani. Nikaokota. Kaangusha ya pili. Nikamwambia twende hospitali, akasema una nini wewe, mikono ina mafuta. Nikambeba kwa nguvu. Nimekaa kwenye ukumbi wa kungojea, simu ikalia.

"Bi Nasra, hujambo?"

"Sijambo, Mbarak."

"Khabari za nyumbani?"

"Nzuri, alhamdulillah."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Nikasikia gereji nyuma yake, nyundo, redio. Hakukata.

"Bi Nasra," akasema baadaye, taratibu, "mie nangoja."

Wanangu, nilipasuka kilio palepale mbele ya watu. "Ila Salim..." nikasema, na sikuweza kuendelea.

Haikupita saa, nikamwona anaingia na nguo zake za kazi, kiatu kimoja kinalia kizito, kimoja chepesi. Tukaingia pamoja kwa Salim. Daktari kijana kasimama kitandani, faili mkononi. Salim mkono wa kushoto kauficha chini ya shuka.

"Mzee, u hali gani?"

Salim akainua mkono wa kulia. "Kheri, daktari. Sina kitu. Niandikie nende zangu nyumbani."

Daktari akatabasamu, akafungua kalamu.

"Usiandike!" Tulipiga ukelele kwa pamoja, mie na Mbarak, mpaka muuguzi akaangusha sinia.

Daktari kashtuka, kalamu iko juu. Akatutazama sisi, akamtazama Salim. Akavuta kiti, akakaa. Alingoja tu, yule kijana, Mungu amzidishie.

Na Salim wangu, ambaye hajapata kulalamika maisha yake, akaufunua ule mkono akautazama kwa muda.

"Ila huu mkono, daktari," akasema, "sijui wa nani."